Soma tairi kuukuu kabla hujafunga mpya: alaimenti ya gari bila kulipa mara mbili

Ukifika dukani kununua tairi, kabla kijana hajaingiza jeki, mwambie asubiri kidogo. Kata usukani wote kulia, tairi ya mbele ijitokeze, kisha uiname uitazame vizuri. Hiyo tairi unayotaka kuitupa imebeba habari za gari lako ambazo hakuna mtu mwingine pale dukani anazo. Ikishavuliwa na kurushwa kwenye lundo, hutajua tena ipi ilikuwa kushoto na ipi kulia, na kile ilichokuwa ikikuambia kimepotea.

Mimi ni fundi wa miguu ya gari, yaani vifaa vinavyoshika magurudumu, hapa Tabora mjini. Kazi yangu ya kila siku ni bushi (mipira ya kwenye maungio), bolijointi (viungo ambavyo gurudumu linageukia), shokapu na alaimenti, yaani kupima na kunyoosha namna magurudumu yanavyosimama. Wateja wangu wengi ni watu wa Noah, IST na Probox wanaokwenda Urambo, Kaliua, Sikonge na Nzega, na wengine wanaingia vijijini Uyui kila gulio, wanatoka kwenye lami na kuingia kwenye vumbi. Kitu kinachoniuma katika kazi hii ni kuona tairi iliyonunuliwa juzi juzi ikiwa imekwisha ndani hadi waya zinaonekana, wakati upande wa nje bado ina kashata nzima, yaani mpira wenye mifereji unaokanyaga barabara. Mtu kauza karanga au kakopa kwenye kikoba kanunua tairi, nusu yake haikuwahi kumfanyia kazi. Alaimenti ingeiokoa, lakini alaimenti iliyofanywa kwa mpangilio wake. Ikifanywa ovyo, unakuwa umelipa mara mbili na tairi inaliwa vilevile.

Kuisoma tairi ya zamani

Chukua chaki, andika kwenye ubavu wa kila tairi ilikotoka: mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto. Sasa tazama imelika wapi.

Ikiwa imelika katikati na mabega yote mawili bado yana kashata, ulikuwa unajaza upepo kupita kiasi. Ikiwa mabega yote mawili yamelika na katikati pamebaki, upepo ulikuwa mdogo. Hayo mawili hayana uhusiano na alaimenti, yanataka geji tu. Upepo sahihi umeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari yetu mengi yametoka Japani, kwa hiyo utakuta kPa: 220 kPa ni karibu psi 32. Namba iliyoandikwa kwenye ubavu wa tairi yenyewe ni ukomo wa tairi, siyo upepo wa gari lako, na wajazaji wengi wa barabarani huchanganya hapo.

Ikiwa imelika upande mmoja, ndani au nje, hapo ndipo kazi yangu inapoanza. Usiishie kutazama. Pitisha kiganja juu ya kashata kwa kuivuka tairi, kutoka nje kuja ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. Pitisha taratibu, maana tairi iliyokwisha huchomoza waya za chuma na zinakata. Kiganja kinajua mambo ambayo jicho halioni. Kikiteleza vizuri kwenda upande mmoja na kukwaruzwa kikirudi, kashata zimeota meno ya msumeno. Meno hayo ni alama ya tou, yaani magurudumu mawili ya mbele hayaendi sambamba. Kama kiganja kinateleza kuja ndani na kinakwaruzwa kwenda nje, magurudumu yamekaribiana mbele kupita kiasi na utakuta bega la nje ndilo lililoumia. Kama ni kinyume, magurudumu yametanuka mbele na bega la ndani ndilo linalokwisha.

Ikiwa upande mmoja umelika lakini ni laini, hauna meno kokote utakakopitisha mkono, shuku kemba: gurudumu limelala, halijasimama wima. Likilala juu kuja ndani, tairi inaliwa ndani. Gari lililobebeshwa mizigo miaka mingi mpaka springi zikachoka mara nyingi linaliwa hivyo.

Halafu kuna tairi yenye mabonde mabonde kuzunguka, sehemu imelika, sehemu haijalika, na ukiendesha unasikia mngurumo kama wa beringi. Hiyo ni shokapu iliyokufa, au balansi (kusawazisha uzito wa gurudumu) haijafanywa muda mrefu. Barabara ya changarawe yenye vimatuta vidogo vidogo, zile zinazotetemesha gari zima mpaka dashibodi inapiga kelele, inaua shokapu haraka. Ukinunua tairi mpya ukaziweka juu ya shokapu iliyokufa, baada ya muda utakuwa na mabonde yaleyale kwenye tairi mpya.

Piga picha kwa simu. Picha ya kila tairi, na jina la ilikotoka. Ukiwa nayo, fundi yeyote utakayekwenda kwake hawezi kukubabaisha.

Kabla ya mashine, miguu

Hapa ndipo watu wengi wanaporushwa, na naomba nikae hapa kidogo.

Mashine ya alaimenti inapima gurudumu limesimama vipi wakati gari limetulia. Kama bolijointi imelegea au tairodi endi (kiungo cha mwisho cha fimbo ya usukani inayokata gurudumu) inacheza, gurudumu litasimama hivi likiwa kwenye mashine na litasimama vingine likifika kwenye shimo la kwanza. Karatasi itatoka na namba nzuri, rangi ya kijani kila mahali, na tairi itaendelea kuliwa. Mimi nalipwa kwa kufanya alaimenti, na bado nakuambia: usilipie alaimenti ya gari ambalo miguu yake haijakaguliwa.

Dada mmoja, mwalimu huko Urambo, aliniletea IST yake ikiwa na tairi mbili mpya za mbele.

"Shikamoo fundi. Hizi nimefunga juzi tu, nikafanyiwa na alaimenti, na karatasi ninayo. Mbona zinakwisha ndani?"

"Marahaba mwalimu. Uliambiwa chochote kuhusu tairodi?"

"Hapana. Waliniambia gari sasa liko sawa."

Nilipandisha gari, nikashika tairi ya kushoto pande mbili, nikaisukuma: inacheza, na sauti ya tak, tak inasikika. Tairodi endi ilikuwa imekwisha. Karatasi yake haikuwa ya uongo, namba zilikuwa sahihi siku ile gari lilipokuwa limesimama. Tulibadilisha tairodi endi, tukarudia alaimenti, na tairi zile mbili hatukuweza kuzirudishia kilicholiwa. Tulizihamishia nyuma zimalizie maisha yake huko.

Ukaguzi wenyewe unaweza kuuona kwa macho yako, na una haki ya kuuona. Gari lipandishwe kwa jeki na kuwekewa stendi. Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Fundi ashike tairi juu na chini, aisukume na kuivuta. Ikicheza, ni beringi au bolijointi. Kujua ni ipi, mwombe mtu akanyage breki kwa nguvu wakati fundi anaendelea kutikisa: mchezo ukipotea, ni beringi, ukibaki, ni bolijointi au kitu kingine cha mguu. Kisha ashike kushoto na kulia, atikise. Mchezo wa hapo kwa kawaida ni tairodi endi au reki endi, kiungo cha upande wa ndani kwenye reki ya usukani. Baada ya hapo achukue nondo fupi, asukume kwenye bushi za mkono wa chini, chuma kinachounganisha gurudumu na bodi: mpira uliopasuka utauona unafunguka. Atazame shokapu kama imelowa oili. Atazame na mipira ya reki kama imechanika, maana vumbi letu la kiangazi likiingia humo reki haichukui muda.

Gari likiwa juu kila kitu kinaonekana, na kama kuna kifaa cha kubadilisha, kibadilishwe sasa. Tairodi endi ikibadilishwa baada ya alaimenti, alaimenti ile imekufa na lazima irudiwe.

Tairi zenyewe

Hapa sitakaa sana. Soma saizi kwenye kibandiko cha mlangoni, usisome kwenye tairi iliyofungwa, maana mmiliki aliyetangulia anaweza kuwa alifunga alichopata. Noah nyingi zinatumia 195/65R15: upana milimita 195, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, ringi ya inchi 15. Baada ya saizi kuna namba ya uzito na herufi ya mwendo. 91 maana yake tairi moja inabeba kilo 615, na herufi H ni kilomita 210 kwa saa. Usishuke chini ya namba ya uzito iliyoandikwa kwa gari lako, hasa wewe unayebeba ndoo za asali na magunia hadi juu ya kioo cha nyuma.

Tafuta maandishi ya DOT kwenye ubavu. Mwishoni kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Kama huzioni upande mmoja, geuza tairi, mara nyingi zipo upande mmoja tu. Tairi ya mtumba yenye kashata nene na umri wa miaka kumi ni mpira uliokauka, na jua la Oktoba hapa kwetu litaumaliza.

Kama fedha inatosha tairi mbili tu, zifungwe nyuma. Najua utabishiwa. Karibu kila dereva atakwambia mpya ziende mbele kwa sababu mbele ndiko kunakoliwa haraka. Lakini watengenezaji wa tairi wanashauri nyuma, na sababu ni mvua. Tairi za mbele zikiteleza kwenye maji, gari linakataa kukata kona, unapunguza mwendo, linarudi. Tairi za nyuma zikiteleza, gari linageuka mzima mzima, na kwa dereva wa kawaida hapo hakuna tena usukani. Zilizobaki nzuri zaidi zipelekwe mbele, ila zisiwe vipara: kuna vituta vidogo katikati ya mifereji ya kashata, na mpira ukilingana navyo umebakiwa na milimita 1.6 na tairi imekwisha.

Kufunga, balansi, halafu alaimenti

Mpangilio ni huo na hauna njia ya mkato. Tairi zifungwe kwenye ringi, zijazwe upepo wa kwenye kibandiko, zipigwe balansi, zirudishwe kwenye gari, nati zikazwe kwa kukingama, ndipo gari lipande kwenye mashine ya alaimenti. Kwa Toyota ndogo nyingi nguvu ya kukaza nati ni nyutoni-mita 103. Yule kijana anayekaza kwa mashine ya upepo mpaka inalia hajui amekaza kiasi gani, na wewe ukipata pancha usiku njiani kwenda Sikonge utasimama juu ya spana na nati isifunguke.

Balansi na alaimenti watu wanazichanganya. Balansi inaondoa mtikisiko: tairi na ringi havina uzito sawa pande zote, kwa hiyo vinabandikwa vipande vya risasi mahali panapotakiwa. Usukani unaotetemeka ukifika kilomita 80 au 100 kwa saa, kisha unatulia ukipunguza, unadai balansi. Gari linalovuta upande, au linalokwenda moja kwa moja huku usukani umepinda, linadai alaimenti. Tairi mpya inahitaji balansi kila inapofungwa kwenye ringi, hilo halina mjadala. Alaimenti siyo tairi mpya inayoiharibu. Tunaifanya wakati huo kwa sababu tairi mpya ndiyo yenye kitu cha kupoteza.

Kabla ya kupanda mashine, toa mzigo. Spea tairi na jeki vibaki, lakini mahindi na madumu yashuke. Upepo upimwe tena tairi zote, kwa sababu tairi moja ikiwa na upepo mdogo gari linainama na mashine inasoma mwinamo huo.

Mashine za kamera zinavyofanya kazi ni hivi. Kila gurudumu linavishwa ubao wenye alama, kamera mbili au zaidi zinautazama. Fundi anasukuma gari nyuma na mbele kidogo ili mashine ijue kama ringi imepinda, aondoe hitilafu hiyo kwenye hesabu. Akiiruka hatua hiyo, mwulize. Magurudumu ya mbele yanakaa juu ya sahani zinazozunguka, usukani unanyooshwa na kufungwa usisogee. Kisha anachagua gari kwenye orodha: jina, modeli na mwaka. Simama karibu uone amechagua gari lako na siyo linalofanana nalo.

Skrini itaonyesha vitu vitatu. Kemba nimeshaitaja, ni gurudumu kulala ndani au nje. Kasta ni mwinamo wa mhimili ambao gurudumu linazungukia linapokatwa, ndiyo inayorudisha usukani katikati baada ya kona. Tou ni magurudumu kuwa sambamba, na ndiyo inayokula tairi haraka kuliko zote. Nikupe hesabu yake. Gurudumu lililopinda robo nyuzi tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, linaburuzwa kwa ubavu kama mita 4.4 katika kila kilomita moja. Katika kilomita 100 ni mita 440 za mpira kusuguliwa kwenye lami kwa ubavu. Safari ya Nzega inazidi kilomita 100 kwenda peke yake. Mtu anayeifanya mara kwa mara akiwa na tou mbaya, tairi zake zinasagwa kwa mtindo huo hata akiendesha polepole.

Kwenye Noah za kawaida, IST, Probox na ndugu zake, kinachorekebishika kirahisi ni tou ya mbele peke yake. Kemba na kasta kiwandani zimewekwa zilipo, na ekseli ya nyuma ni kipande kimoja kisicho na marekebisho. Kwa hiyo fundi akikuambia "nimerekebisha zote", mwombe akuonyeshe namba za kabla na za baada. Kama kemba imeonekana nyekundu, hiyo ni habari: kuna kitu kimepinda au kimechoka. Inaweza kuwa bushi, shokapu iliyopinda kwa kuingia korongo, au mkono wa chini uliogonga jiwe. Kitafutwe na kibadilishwe. Akitokea mtu anataka kupasha chuma cha mguu moto na kukinyoosha kwa nyundo, ondoa gari lako. Chuma kile kimetengenezwa kwa joto maalumu, ukikipasha upya kinalainika, na siku kitakapokatika utakuwa kwenye mwendo.

Kwenye kurekebisha tou, tazama mikono ya fundi. Analegeza nati ya kufungia kwenye tairodi, analegeza na kamba ya mpira wa reki ili mpira usisokotwe, anazungusha fimbo kidogo kidogo huku akitazama skrini, kisha anakaza nati. Baada ya kukaza atazame skrini tena, kwa sababu kukaza kwenyewe huweza kuvuta namba ikatoka. Pande zote mbili ziguswe. Akirekebisha upande mmoja pekee, jumla itakuwa sawa lakini usukani utakaa umepinda, na utaambiwa kwamba utauzoea. Usikubali. Usukani uliopinda kwenye barabara iliyonyooka maana yake kazi haijaisha.

Chukua karatasi. Andika juu yake kilomita zilizopo kwenye dashibodi siku hiyo.

Huko kusiko na mashine

Msomaji wangu wa Kaliua au Ulyankulu atasema, sisi mashine tutaitoa wapi. Futikamba na chaki vinaweza kukupimia tou kwa usahihi wa kutosha kukufikisha mjini, ilimradi miguu iwe mizima.

Egesha pahali tambarare, usukani umenyooka. Pandisha gurudumu moja la mbele, lizungushe kwa mkono huku umeshika msumari umetulia juu ya tofali, ncha yake ichore mstari mwembamba kuzunguka katikati ya kashata. Fanya hivyo na la pili. Shusha gari, libonyeze mbele mara kadhaa, lisukume kwa mkono mita chache kwenda mbele ili miguu ikae ilipozoea. Sasa weka alama ya chaki kwenye mistari yote miwili, upande wa mbele wa tairi, juu kadiri futi inavyoweza kupita chini ya gari bila kugonga kitu. Pima kimo cha alama kutoka ardhini ukikumbuke, kisha pima umbali kati ya alama mbili hizo, mtu mmoja kila upande. Sukuma gari kwenda mbele mpaka alama zilezile zifike nyuma ya tairi kwa kimo kilekile, pima tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo tou. Mbele pakiwa padogo, magurudumu yamekaribiana. Pakiwa pakubwa, yametanuka. Toyota ndogo nyingi zinataka karibu na sifuri, milimita mbili hivi huku au huku zinavumilika. Ukikuta milimita nane au kumi, usisafiri hivyo kwenda mbali.

Kurekebisha ni kuzungusha tairodi zote mbili kwa kiasi kilekile, robo mzunguko kila mara, na kupima upya kwa kusukuma gari kwenda mbele, usirudi nyuma. Futi haiwezi kukupa kemba wala kasta, na mafundi wanaopima kwa uzi wanaosema wanaweza kukupa vyote wamezidisha.

Kujaribu kabla hujalipa

Mwombe fundi mwende wote. Barabara zetu zimeinamia pembeni ili maji yatiririke, na kwa sababu tunaendesha kushoto, gari zima lolote litasogea kushoto taratibu ukiachia usukani. Hilo siyo kosa. Tafuta kipande tambarare, uone linakwenda wapi.

Likivuta kweli, usikimbilie kurudia alaimenti. Shuka uguse ringi za mbele kwa tahadhari: moja ikiwa na joto kali kuliko mwenzake, breki inashika. Kama joto ni sawa, badilishaneni tairi za mbele, ya kulia iende kushoto na ya kushoto iende kulia, ila kama tairi zina mshale wa mwelekeo usifanye hivyo. Mvuto ukihamia upande wa pili, kosa liko ndani ya tairi yenyewe, hata kama ni mpya, na unairudisha kwa aliyekuuzia siku hiyohiyo ukiwa na risiti. Mvuto ukibaki palepale, ndipo gari lirudi kwenye mashine.

Baada ya kilomita 50 hadi 100 kaza nati tena. Kilomita mia chache za mwanzo usikanyage breki kwa ghafla wala kukata kona kwa kasi, mpira mpya una utelezi wa kiwandani unaohitaji kuisha. Na ukifika kama kilomita 1,000 kutoka ile namba uliyoandika kwenye karatasi, pitisha kiganja tena juu ya kashata za mbele, ndani na nje, kushoto na kulia. Ukihisi meno yameanza, rudi na karatasi yako wakati huo huo, maana hapo tairi imepoteza kidogo sana na miguu bado inaweza kurekebishwa. Fanya vivyo hivyo mvua zikikatika mwezi wa nne au wa tano, kabla barabara za mashimo hazijachongwa, na siku yoyote utakayoingia shimo mpaka usukani ukakupiga mkononi.